Herufi ya Kooni

Alikuwa akihesabu mahindi ya mbegu. Hilo ndilo tukio lote, na msomaji anayetaraji kisa asingoje zaidi. Bibi yake alikuwa amekwisha kuyachagua yaliyo bora, akayabambua maganda pasipo kuyang'oa, ili yapate kufungwa jozi jozi na kutundikwa juu ya meko, ambako moshi wa kila siku huyahifadhi yasiliwe na fukusi hata mvua irudi. Na mtoto, binti wa miaka minane au tisa, aliketi juu ya kigoda mbele ya mlango, akashika hindi moja baada ya jingine, akaliweka upande wake wa kulia na kulipa idadi yake kwa lugha ya nyumbani kwao: wak, tsar, tam. Mimi nilikuwa mgeni wa nyumba ile, huku Hirbadaw katika nchi ya Hanang ipakanayo na Mbulu, nimewekewa kiti na bilauri ya maziwa, nikitazama jinsi jua linavyoshuka na upepo wa nyanda za juu unavyopita juu ya mabua makavu, wala moyo wangu haukuwa katika hesabu ile. Kisha binti akafika kwenye hindi la nne, akasema tsiyahh, na pumzi ya mwisho ya neno lile ikatoka katikati ya koo, kavu, safi, yenye joto kama pumzi ya mtu apuliziaye kioo apate kukifuta. Nami nikageuka ghafula mfano wa mtu aliyeitwa kwa jina lake la utotoni mahali asipojulikana na yeyote.

Sauti ile naijua. Nimezaliwa Tumbatu, kisiwa kidogo kilicholala kaskazini-magharibi ya Unguja mkabala na Mkokotoni, na katika chuo cha kijijini kwetu, ambamo tulisoma juu ya mikeka huku mawimbi yakivuma masikioni mwetu, palikuwa na herufi mbili zilizotutoa machozi kuliko zote nyingine: aini, na ile ha ya kooni ambayo si ha ya pumzi tupu. Mwalimu wetu, Mola amrehemu, alikuwa akiweka vidole viwili chini ya kidevu chake, akatuonyesha kwamba herufi hizi makhraji yake ni katikati ya koo, akazitamka, akatutaka na sisi tuzitamke; nasi tulikohoa, tukajikaba, tukatoa sauti za mbuzi na za mtu aliyekwamwa na mwiba wa samaki, na jioni tukarudi majumbani tukijizoeza njiani kama watu wenye maradhi. Miaka ilipita kabla koo langu halijafunguka. Aini niliipata siku moja ya kaskazi, pasipo kutazamia, katikati ya sura niliyokwisha kuisoma mara nyingi mno, na mwalimu akainua kichwa, akanitazama, akakiinamisha tena. Huo ndio ulikuwa ukamilifu wa sifa zake. Basi kumsikia mtoto wa Hirbadaw, ambaye hajapata kuketi juu ya mkeka wa chuo wala kuonyeshwa koo na mwalimu yeyote, akiitoa ha ile pasipo jitihada, na baada ya koo'an, ambayo ni tano, akairudia katikati ya lahhoo', ambayo ni sita, kulinitia hali ambayo kwa siku nyingi sikuweza kuipa jina. Ilianza kama wivu, ikaupita wivu, ikawa mithili ya deni.

Kwani sisi watu wa pwani herufi hizo tulipewa, tukazipoteza. Chukua hesabu hiyo hiyo. Wazee wetu walikuwa na tandatu, na fungate, na kenda. Kisha katika karne nyingi za biashara na ndoa na dini wakazipokea sita, saba na tisa kutoka kwa Waarabu, wakaziweka zile za kwanza pembeni, mpaka leo kenda ni neno la washairi na la wakongwe, na fungate imebaki katika siku saba za harusi tu, maharusi wenyewe wasijue kwamba wamekaa ndani ya tarakimu ya mababu. Na hizo tulizozipokea hatukuzipokea nzima. Saba ya Mwarabu ina aini ndani yake, na tisa vilevile. Zilipohamia katika vinywa vyetu aini ilianguka njiani, kama ilivyoanguka katika elimu na katika akili, katika ibada na katika adhabu, hata katika shairi. Mahali pengine herufi iliondoka lakini pa kulala pake pakabaki: katika saa, katika jamaa, katika maana, ile irabu iliyojinyosha ikawa mbili ni mfano wa majani yaliyolala chini asubuhi pale ambapo ng'ombe alijilaza usiku. Hati za kale zilizoandikwa kwa khati ya Kiarabu ziliendelea kuichora aini hata pale ambapo msomaji hakuitamka, kwa adabu tu, kama watu wanavyoendelea kumwekea sahani jamaa aliye safarini. Lakini zilipokuja herufi za Kirumi, na Edward Steere, aliyekuja kuwa askofu baadaye, akachapisha mwaka 1870 kitabu chake cha kufunza Kiswahili cha Unguja, aini haikuwa tena na mahali hata katika karatasi. Sisemi haya kwa kulalama. Lugha iliyo hai humega tonge kwa kadiri ya kinywa chake, na wepesi huo wa kuacha kilicho kizito ndio uliokibeba Kiswahili kutoka mchangani mpaka kwenye milima hii, kikaeleweka na mchungaji na mtendaji wa kata kwa pamoja. Nasema tu kwamba jioni ile nilikuwa nimesafiri mamia ya maili kuipa bahari mgongo, nikakuta mlangoni pa nyumba ya mkulima kitu ambacho bahari ilituletea kwa majahazi na ambacho hatukuweza kukishika.

Tena hawa hawakukiazima. Wanaisimu wanatufahamisha kwamba Kiiraqw ni lugha ya jamii ya Kikushi, ndugu wa mbali wa Kisomali na Kioromo, na kwamba Kikushi na lugha za Kisemiti, ambamo Kiarabu kimo, ni matawi ya shina moja la zamani zilizopita kumbukumbu zote za watu. Hivyo ha ya binti yule na ha ya mwalimu wangu wa chuo zilikwisha kuagana kabla ya jahazi la kwanza kuundwa, moja ikaenda jangwani ikaandikiwa vitabu, nyingine ikafuata ng'ombe kusini kwa kizazi baada ya kizazi, ikishuka Bonde la Ufa na mifugo na mabuyu ya maziwa, mpaka ikatua huku. Zilikutana ndani ya sikio langu. Mambo haya hunitia unyenyekevu kuliko magofu na misikiti ya kale, ingawa kwetu Tumbatu, huko Makutani, magofu tunayo ya kujivunia. Maana jiwe huhifadhiwa na chokaa, lakini sauti haina kihifadhi chochote ila mama amwambiaye mtoto wake neno na mtoto alirudishe lilivyo, kila siku, bila siku moja ya kusahau, kwa maelfu ya miaka. Mnyororo huo ukikatika katika kizazi kimoja tu haufungwi tena.

Jirani wa Wairaqw si watu wa shina lao. Nyumba ya pili kutoka tulipokaa ni ya Wadatoga, wa ile kabila ya Wabarabaig, ambao lugha yao ni ya Kinailoti na ambao ng'ombe kwao ni ibada na nasaba. Kusini na magharibi wako Wanyaturu na Wanyiramba, na upande wa Kondoa wako Warangi, ambao lugha zao zote ni za Kibantu kama yetu. Bonde la Eyasi lina Wahadza, na kuelekea Kondoa huko huko wako Wasandawe, ambao maneno yao huchanganya na milio ya ulimi isiyofanana na sauti yoyote ya jirani zao. Katika bara zima la Afrika ni nadra kupata nchi nyingine ambamo matabaka manne makubwa ya lugha za Waafrika yanakaa karibu hivi, yakiuziana mbuzi na kuoana. Hivyo wataalamu hupenda kusema kwamba Kiiraqw, pamoja na ndugu zake wachache Kigorwaa, Kialagwa na Kiburunge, ni kisiwa: kisiwa cha Kikushi kilichosalia katikati ya bahari ya wengine. Nilipolisikia neno hilo kwa mara ya kwanza nililipokea kwa furaha ya mtu anayeonyeshwa jamaa yake. Baadaye lilianza kuniwasha.

Kwa sababu mimi ni mtu wa kisiwa kwelikweli, na najua kwamba hakuna mtu akaaye kisiwani ajionaye kuwa yuko kisiwani. Maji ya kifuu ni bahari ya chungu. Na kwa mtoto wa Jongowe au wa Gomani, vijiji vyetu viwili, nchi ni pale penye mnazi wa babu yake, na Unguja iliyo ng'ambo ndiyo iliyozungukwa na maji. Kisiwa ni neno la mtu aliye ndani ya chombo akipita. Yeye ndiye aonaye mwanzo na mwisho wake kwa mtupo mmoja wa jicho, akaona kidogo, akaona upweke, akasema masikini, watu hawa wanaishije? Tulivyoishi ni kwamba maji matamu yalikuwa taabu, mvua iliyotua juu ya paa ilipokelewa kwa kila chombo chenye uwazi, na samaki hatukuwa na haja ya kuwasifu. Lakini neno upweke hatukuwa nalo. Tuliliona kwanza machoni mwa wageni. Na lugha yetu, Kitumbatu, ambayo kwetu ilikuwa ndiyo lugha na basi, tuliambiwa tulipovuka kwenda shule ya mjini kwamba ni lahaja, nayo ina makosa. Mwaka 1928 walikutana Mombasa wenye kukata mashauri, wakachagua Kiswahili cha mjini Unguja kuwa msingi wa lugha sanifu, na tarehe 1 Januari 1930 ikaanza kazi Kamati ya lugha ya nchi za Afrika Mashariki; na hivyo kilichosemwa upande ule wa mlango wa bahari, mwendo wa jahazi wa saa chache kutoka kwetu, kikawa kamusi na mtihani, na kilichosemwa upande huu kikawa kichekesho cha mabarazani. Niliwahi kusimama mbele ya darasa lililokuwa likinicheka kwa neno ambalo mama yangu aliniambia asubuhi ya siku hiyo hiyo, akiwa ameshika mkono wangu. Sikulisema tena mbele za watu. Nililihifadhi mahali ambapo hata mimi leo silioni.

Basi niliyaangalia maisha ya nyumba ile ya Hirbadaw kwa jicho la mtu aliyewahi kuficha neno. Nikaona jinsi siku yao inavyogawanyika baina ya lugha, kama shamba ligawanywavyo kwa mifereji. Alfajiri, punda wakipelekwa majini na ndama wakitengwa na mama zao, nyumba nzima ni Kiiraqw, na bibi anaamkia kwa neno lao, saita, akimwamkia mkwewe, jirani apitaye na mgeni kwa pamoja. Watoto wakishika njia ya shule, Kiswahili huwajia miguuni kama vumbi. Wanapofika kwenye bendera wamekwisha kubadilika. Mnadani, siku ya ng'ombe, bei hutajwa kwa Kiswahili, lakini sifa za fahali husemwa kwa Kidatoga, na matusi ya mtu aliyepunjwa kwa lugha yoyote itakayomfika mwenziwe. Zahanati ni Kiswahili. Simu ni Kiswahili mpaka anapopokea mama, hapo hugeuka katikati ya sentensi kama chombo kinapopigwa na upepo wa upande mwingine. Na usiku, makande yakiwa yamekwisha kuliwa na moto ukiwa makaa, babu akitaka kuwaombea wajukuu humwomba Looaa, ambaye ni Mungu na ni jua kwa neno moja, na katika sarufi yao ni wa kike. Wala sikuweza kulifasiri ombi lile ndani ya Kiswahili changu, ambacho neno lake yeye halibagui mke na mume na ambacho Mola wake hana jinsia, bila ya kuhisi kwamba kitu kimemwagika.

Kuna jambo moja la majirani zao Wadatoga ambalo siwezi kulipita haraka. Mwanamke wa Kidatoga akiolewa, jina la baba mkwe wake na majina ya wakubwa wengine wa upande ule huwa haramu kwa ulimi wake. Na si jina lenyewe tu, bali hata neno la kawaida linalofanana nalo kwa sauti, liwe ni la mvua, la mti au la rangi ya mbuzi, hana budi kuliacha na kutumia jingine badala yake. Mabibi hufundishana maneno hayo ya badala, na kila mmoja ana mkusanyo wake kwa kadiri ya ukoo alioingia, hivyo kwamba ukimsikiliza mke kwa makini waweza kujua, kwa maneno asiyoyasema, ameolewa na nani. Mimi niliyelelewa katika mji ambao mke haiti jina la mumewe mbele za watu nililijua jambo hili kwa damu kabla sijaelezwa. Lakini huku heshima imeingia ndani ya lugha mpaka kwenye mizizi, imekuwa ndiyo lugha. Na nikifikiri kwamba mwanamke huyo anapopelekwa penye dawati la serikali kuulizwa majina kwa Kiswahili cha fomu hutakiwa kusema katika dakika moja yote ambayo amekaa miaka thelathini akiyaepuka, naona kwamba sisi wenye fomu hatujui tunachokiuliza.

Majina nayo. Katika Kiswahili Wairaqw tumewaita Wambulu, kwa jina la mji wao mkubwa, na Wadatoga tumewaita Mang'ati, kwa neno la Kimasai ambalo maana yake ni adui. Tumemwita mtu adui wa mtu wa tatu, kwa lugha isiyo yake wala yetu, tukalitia jina hilo katika daftari na magazeti, na yeye akaitika, kwa kuwa mtu mwungwana huitika aitwapo. Sitaki kufanya mambo kuwa mepesi kuliko yalivyo. Wairaqw walipotoka katika nchi yao ya asili, ile Irqwa Da/aw iliyoinuka juu ya makorongo huko Kainam, wakashuka kusini katika karne iliyopita kutafuta mashamba, waliikuta Hanang ikiwa malisho ya Wabarabaig. Na kisiwa kipanukacho hula bahari ya mwenziwe. Kisha lilikuja shamba kubwa kuliko yote, ngano ya Basotu, lililopanuliwa katika miaka ya 1970 kwa msaada wa Kanada, ekari zaidi ya 70,000 za tambarare zilizokuwa za ng'ombe, na Wabarabaig wakasogezwa tena, safari hii na watu ambao hata adui hawakuwa, waliokuwa na karatasi tu. Hata hivyo koo nyingi za Wairaqw zenyewe hukiri kwamba chimbuko lao ni Datoga au ni Bantu, baba fulani aliyekuja akiwa na njaa au akikimbia, akapewa shamba na mke na neno la kuamkia. Kwa hiyo ha ile ya kooni niliyoisifu kuwa imepita kwa mama na mwana kwa maelfu ya miaka imepita pia katika makoo ya wageni walioikuta ukubwani, wakakohoa na kujikaba kama nilivyojikaba mimi, mpaka wajukuu wao wakazaliwa nayo. Lugha hii ilikuwa na mlango muda wote. Katika visiwa vyote ninavyovijua, chetu kikiwamo, hicho ndicho kilichofanya watu wasiishe.

Nimetaja jina la Irqwa Da/aw na msomaji ameona kijiti kilichosimama katikati yake. Ndiyo aini. Waliowafanyia Wairaqw tahajia ya herufi za Kirumi, wasipoona herufi ya Kizungu inayoweza kuibeba sauti ile, waliichukua alama hii ya mshazari wakaifanya herufi kamili, na neno la kula katika lugha yao huanza nayo. Wilfred Whiteley, ambaye wengi wetu twamjua kwa kazi yake juu ya Kiswahili, aliandika juu ya Kiiraqw na kuchapisha mwaka 1958. Maarten Mous akatoa sarufi kubwa mwaka 1993. Na mwaka 2002 ikatoka kamusi aliyoitunga yeye pamoja na Roland Kießling na Martha Qorro, msomi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam aliye mwana wa lugha yenyewe. Bibi Qorro huyo huyo ni katika walioshikilia kwa miaka mingi kwamba watoto wa sekondari wafundishwe kwa Kiswahili wapate kufahamu wanachofundishwa. Nalitaja hili kwa sababu wako watu wema wanaodhani kwamba kukipenda Kiswahili ni kuzitakia lugha nyingine mauti, na kwamba kuziandikia kamusi ni kuuvunja umoja. Na huyu hapa mtu mmoja aliyefanya kazi zote mbili kwa mkono mmoja.

Alama ile katika shule zetu huitwa mkwaju. Siku niliyoiona mara ya kwanza katika maandishi ya Kiiraqw nilikifunga kitabu. Nilipokuwa kijana, nimetoka kuhitimu ualimu na kupelekwa bara, nilifundisha katika shule moja ya nchi hizi za juu ambayo sitaitaja, na ilikuwa kanuni, wala hakuna aliyeuliza kanuni hiyo imeandikwa wapi, kwamba mtoto akisikiwa akisema kilugha uwanjani apigwe. Nilikuwa na fimbo. Ilikuwa ya mti wa mkwaju, nyembamba, nimeletewa kutoka nchi ya chini, na mimi ambaye darasa zima lilicheka neno la mama yangu niliichapa nayo mikono ya watoto kwa sababu ya maneno ya mama zao, nikiamini kwa ikhlasi yangu yote kwamba najenga taifa. Nakumbuka mmoja aliyechapwa, akasimama, akaondoka akisema kitu kwa pumzi tu. Nacho kilikuwa na aini ndani yake, leo nina yakini, maana koo lake lilifanya mwendo ule niliofundishwa kwa vidole viwili chini ya kidevu. Nilimwita, nikamchapa tena. Watu waliokuwa wakitaka umoja walikuwa na haki ya kuutaka, na nchi yetu imeupata, na mimi nimekula matunda yake na kusafiri kwa amani kutoka Tumbatu mpaka Hirbadaw nikisema lugha moja; lakini mikono ile haikuwa bei iliyotakiwa. Hakuna aliyeitaka. Tuliilipisha sisi kwa kuwa tulikuwa na fimbo.

Bibi wa nyumba ile hajui habari hii, na Kiswahili chake kidogo na Kiiraqw changu kisichokuwapo visingeweza kuibeba. Aliniita mwalimu. Aliposikia kwamba natoka kisiwani alimwuliza mjukuu wake maneno mawili matatu, na binti akanifasiria: bibi anauliza, huko kwenu maji yamewazunguka pande zote? Nikajibu ndiyo, bibi, pande zote. Akafikiri kwa muda mrefu, uso wake ukiwa umeelekea mlima Hanang, ambao jioni huwa rangi ya zambarau iliyoiva, kisha akasema neno, na binti akalifasiri akiwa ameinama juu ya mahindi yake: anasema pole.

Nikalipokea pole lile. Ni mara ya kwanza mtu kunisikitikia kwa kuzaliwa katikati ya kitovu cha dunia yangu, na lilitoka katika moyo safi, kama yalivyotoka katika mioyo safi mengi tuliyowasikitikia wao.

Mahindi yalikuwa yamebaki machache. Binti alikuwa amekwisha kufika mibaangw, ambayo ni kumi, akaanza mafungu mapya, na katika fungu lile la tatu au la nne alinyosha mkono akanipa hindi, kwa namna mtoto anavyompa mtu mzima kazi anapomwona amekaa bure. "Hesabu, babu," akaniambia. Nikahesabu. Wak ilipita. Nikaruka kwa haraka zangu, kwa tamaa ya kufika kule nilikojua, nikasema tsiyahh, nikaitoa ha katikati ya koo kama nilivyolipia kuijua, na ilitoka sawasawa. Naye hakustaajabu hata kidogo, kwake ilikuwa nne tu. Alichokiona ni kwamba ya pili nimeipita ovyo. Akalichukua hindi mkononi mwangu, akalirudisha chini, akashika lile la pili, akanikazia macho.

"Tsar," akasema, na mwanzo wa neno ukadata mdomoni mwake kama kijiti kikavu kinapovunjwa.

Nikasema nilivyoweza. Akatikisa kichwa. Akasema tena, polepole, akiniwekea kidole kwenye meno yake ya mbele nipate kuona sauti inakotoka, nami nikainama katika nuru ya mwisho ya jua kuangalia ulimi wa mtoto, nikajaribu mara ya tatu, na ya nne. Na lile hindi la pili likawa lingali mkononi mwake.